SODA ISIYO NA SUKARI: JE, YAMFAA ANAYETAKA KUPUNGUZA UNENE?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Miongoni mwa mambo yanayoulizwa sana majumbani siku hizi, na khasa na akina mama na vijana, ni hili la soda zisizo na sukari. Mtu ameambiwa na daktari kuwa uzito wake umezidi, na yampasa aupunguze. Arudipo nyumbani huazimia kuiacha soda aliyoizoea. Kisha huiona dukani chupa nyingine, ya jina lile lile, imeandikwa kuwa haina sukari hata chembe. Hapo huuliza: Je, hii naweza kuinywa nami nataka kupungua? Itanisaidia au itanidhuru? Na wengine huongeza: Je, ni halali?

Maswali haya ni ya haki. Unene uliopita kiasi si jambo la umbo wala la nguo. Ni mlango wa maradhi mengi: kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo na maumivu ya magoti. Twawaona misikitini na majumbani watu wa umri wa kati, si vikongwe, wanaosali juu ya viti kwa kuwa magoti hayawezi tena kuubeba mwili. Sala ya mwenye udhuru ni sahihi, na dini yetu haina uzito kwa asiyeweza. Lakini ni nani asiyetamani kuliweka paji la uso wake chini mbele ya Mola wake mpaka siku yake ya mwisho? Afya ni amana, na anayetafuta njia ya kuihifadhi amana yake yafaa ajibiwe kwa elimu, si kwa dhihaka wala kwa uvumi.

Jawabu letu tutalitanguliza kwa ufupi, kisha tulieleze. Kwa aliyezoea kunywa soda ya sukari kila siku, soda isiyo na sukari ni afadhali. Lakini si dawa ya unene, wala haifiki daraja la maji. Anayeinywa ili apate kuiacha sukari amefanya jambo la busara. Anayeinywa ili ajipe ruhusa ya kula zaidi amejidanganya nafsi yake.

ASILI YA VINYWAJI HIVI

Utamu wa soda hizi hautoki katika muwa. Watoka katika vitu vilivyotengenezwa na wanakemia, ambavyo chembe yake ndogo tu huwa na utamu mwingi. Watu huviita sukari bandia. Cha kwanza ni sakarini, iliyogunduliwa mwaka 1879 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Constantin Fahlberg, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Profesa Ira Remsen, alikaa kula chakula cha jioni akaona mkate wake una utamu wa ajabu; kumbe utamu ule ulikuwa umebaki mikononi mwake tangu kazini. Mwaka 1937 Michael Sveda, katika Chuo Kikuu cha Illinois, aligundua siklameti alipoitia sigara yake mdomoni akaiona tamu. Na mwaka 1965 James Schlatter, mwanakemia wa kampuni ya Searle, alilamba kidole ili aokote karatasi, akakutana na utamu wa aspatemu, ambayo leo imo katika soda nyingi zisizo na sukari. Wote watatu hawakunawa mikono! Watoto wetu wa chuoni, tunaowahimiza kila siku wanawe kabla ya kula, wasiifanye khabari hii kuwa hoja.

Aspatemu ina utamu unaokaribia mara 200 ya utamu wa sukari, na sakarini hufika mara 300 au zaidi. Ndiyo maana kiasi kisichojaza hata ncha ya kijiko hutosha kuifanya chupa nzima iwe tamu, na mwili usipate humo chakula chochote cha kuhesabika.

Yafaa pia tujue vinywaji hivi vilianza kwa ajili ya nani. Mwaka 1952, huko Brooklyn katika jiji la New York, Hyman Kirsch alitoa kinywaji kiitwacho No-Cal, akiwakusudia wagonjwa wa kisukari na wa moyo. Baadaye wafanyabiashara wakatambua kuwa watu wazima wenye afya wanaoogopa kunenepa ni wengi kuliko wagonjwa. Kampuni ya Coca-Cola ikatoa Tab mwaka 1963, na Diet Coke mwaka 1982. Hivyo kitu kilichoanza kuwa badala kwa mgonjwa kikageuzwa kuwa ahadi ya wembamba kwa kila mtu. Na ahadi ya muuzaji yataka kupimwa kabla ya kusadikiwa.

HESABU YA SUKARI

Soda ya kawaida ya kola huwa na gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100. Basi chupa ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai, kwa kuhesabu gramu 4 katika kila kijiko. Wazazi na walitafakari hili: mtu akimtilia mtoto vijiko tisa vya sukari katika gilasi moja ya maji, nyumba nzima itapiga kelele. Lakini mtoto huyo huyo akipewa soda, twasema amepewa zawadi.

Kila gramu ya sukari huupa mwili kalori 4. Kwa hiyo chupa ile moja ina kalori 140 hadi 150. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa sukari inayotiwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu yote ambayo mtu huipata katika chakula cha siku. Na ikiwa chini ya nusu ya hiyo ni bora zaidi. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku, kiwango hicho bora ni gramu 25, yaani vijiko sita. Basi chupa moja ya soda imekwisha kukiruka kiwango hicho kabla hajanywa chai wala kula andazi.

Sasa mtu huyu akiiacha chupa hiyo ya kila siku, akashika mahali pake isiyo na sukari, na mengine yote yasibadilike, atakuwa amepunguza kalori zipatazo 50,000 kwa mwaka. Kilo moja ya mafuta ya mwili hukadiriwa kuwa na kalori 7,700. Kwa hesabu ya karatasini, hizo ni kilo sita au saba. Mwili haufuati hesabu ya karatasini sawasawa, kwani una njia zake za kujirekebisha. Lakini faida ni dhahiri. Tatizo lote limo katika yale maneno tuliyoyatia katikati: na mengine yote yasibadilike.

WATAALAMU WAMEONA NINI?

Jambo hili limejaribiwa mara nyingi katika nchi mbalimbali, na matokeo yake hayakufuata njia moja. Tutataja majaribio matatu ili msomaji aone mwenyewe.

Jaribio la kwanza ni la Uholanzi, na khabari zake zilichapishwa mwaka 2012. Watoto 641 wa umri wa baina ya miaka 4 na 11 waligawanywa makundi mawili. Kila mtoto alipewa kinywaji cha mililita 250 kwa siku. Kundi moja chenye sukari, na kundi la pili chenye sukari bandia, bila ya wao kujua ni kipi. Baada ya miezi 18, waliokunywa cha sukari walikuwa wameongezeka wastani wa kilo 7.37, na wenzao kilo 6.35. Watoto hukua, na kuongezeka uzito ni desturi yao. Lakini kilo moja ile iliyozidi haikuwa na sababu ila sukari ya kinywaji kimoja kwa siku.

Jaribio hilo lilipambanisha sukari na sukari bandia. Mawili yafuatayo yaliipambanisha sukari bandia na maji, na hapa ndipo khitilafu ilipo. Huko Marekani, mwaka 2014, zilichapishwa khabari za watu wazima 303 waliofuata mafunzo ya kupunguza uzito kwa majuma 12. Waliokunywa vinywaji visivyo na sukari walipungua wastani wa kilo 5.95, na waliokunywa maji kilo 4.09. Lakini yapasa tuseme kuwa gharama za uchunguzi huo zilitolewa na chama cha wauza vinywaji wenyewe. Hilo peke yake halibatilishi kazi ya mtaalamu, ila shahidi mwenye maslahi katika kesi husikilizwa kwa uangalifu.

Na huko Tehran, Iran, mwaka 2015, ilichapishwa khabari ya wanawake 62 wenye uzito uliozidi, ambao wote walifuata utaratibu mmoja wa chakula kwa majuma 24. Wote walikuwa na mazoea ya kunywa soda isiyo na sukari. Nusu yao waliambiwa waendelee nayo baada ya chakula cha mchana, na nusu wanywe maji badala yake. Wa maji walipungua wastani wa kilo 8.8, na wa soda kilo 7.6.

Basi msomaji atauliza: twamsadiki nani? Sisi twaona kuwa khitilafu hii ni ndogo kuliko jambo ambalo majaribio haya mawili yamekubaliana. Kote kuwili watu walipungua, wanywao maji na wanywao soda isiyo na sukari. Na walipungua kwa sababu wote walikuwa chini ya mafunzo, chakula chao kimepangwa na kupimwa. Kilichowapunguza ni sahani. Kinywaji kilikuja baadaye.

Mwezi wa Mei mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, baada ya kukusanya chunguzi nyingi za namna hii, lilitoa shauri kuwa watu wasizitegemee sukari bandia kuwa njia ya kuudhibiti uzito. Lilisema kuwa faida yake kwa muda mrefu haikuthibiti. Na katika watu waliofuatiliwa miaka mingi, waliozitumia sana walionekana kupatwa zaidi na kisukari na maradhi ya moyo. Lakini Shirika lenyewe lilieleza kuwa shauri hilo lina masharti, kwani huenda wengi wa hao walizishika sukari bandia baada ya kuona kuwa wamekwisha nenepa. Si kwamba zimewanenepesha. Mfano wake ni mtu kusema kuwa bakora huleta uzee kwa kuwa wazee wengi hushika bakora. Na shauri hilo halikuwakusudia walio na kisukari tayari.

JE, INA MADHARA?

Wengi wamesikia kuwa soda hizi huleta saratani. Asili ya khabari hiyo ni hii. Mwezi wa Julai mwaka 2023, chombo cha Shirika la Afya Duniani kinachochunguza saratani kiliitia aspatemu katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, lakini ushahidi wake ni dhaifu. Katika kundi hilo hilo yamo majimaji yaliyokamuliwa katika jani zima la mshubiri, ambayo watu huyanywa wakiyaita dawa. Siku ile ile, kamati nyingine ya wataalamu ilikithibitisha tena kiwango cha zamani: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Kwa hesabu yao, mtu wa kilo 70 hangekipita kiwango hicho mpaka anywe makopo zaidi ya tisa, au hata zaidi ya kumi na manne, kwa siku moja, kwa kadiri ya aspatemu iliyotiwa ndani ya kopo.

Basi mwenye kunywa chupa moja hana haja ya kulala na hofu. Lakini wazazi waangalie hesabu hiyo kwa upande wa watoto. Mtoto wa kilo 20 kiwango chake ni miligramu 800, na kopo moja la aina yenye aspatemu nyingi lina miligramu 300. Makopo matatu tu yatamvusha mpaka. Mtoto afundishwe kukata kiu kwa maji.

Yako mambo mengine ya kuangaliwa. Soda hizi, ijapokuwa hazina sukari, zina asidi, na asidi hula meno kwa anayezinywa kutwa kucha. Za kola zina kafeini, nayo humwondolea usingizi anayezinywa usiku. Na wako watu wachache wanaozaliwa na maradhi yaitwayo fenilketonuria, ambao mwili wao hauwezi kukisaga kijenzi kimoja kilichomo katika aspatemu; hao wamekatazwa kabisa, na ndiyo maana onyo lao huandikwa juu ya chupa.

HUKUMU YAKE

Ama kwa upande wa sheria, asili ya vyakula na vinywaji ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Aspatemu imejengwa kwa vijenzi viwili vya protini, ambavyo hupatikana pia katika nyama, maziwa na maharage, wala hailevyi. Basi hatuoni cha kumharamishia mtu.

Lakini halali nayo ina adabu zake. Katika Sura Al-Aaraf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu Ameturuhusu kula na kunywa, na papo hapo Akatukataza israfu. Na katika hadithi iliyopokewa na Miqdam bin Maadikarib (r.a.), iliyomo katika mkusanyo wa Imamu Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) amelitaja tumbo kuwa ni chombo kibaya kukijaza, na kwamba kama hapana budi, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Wasomaji wetu wengi waliihifadhi maana yake tangu utotoni. Tunalopenda kulionyesha hapa ni kwamba mafunzo haya yameanza na kiasi. Muislamu hakuambiwa atafute chakula cha namna ambayo atakijaza tumboni bila ya kunenepa, ameambiwa asijaze. Hii ndiyo khitilafu baina ya njia ya Mtume na njia ya tangazo la biashara. Tangazo lasema: kunywa upendavyo, haina kitu. Mtume (s.a.w.) anatufundisha kuitawala nafsi.

BIRIKA ZETU NA SINIA ZETU

Sasa na tuingie ndani ya nyumba zetu, maana huko ndiko jambo hili linakoamuliwa.

Tumfikirie mama mmoja aliyeazimia kupungua. Ameiacha soda ya sukari, na kila mchana hunywa isiyo na sukari. Hilo ni jema. Lakini asubuhi hunywa vikombe viwili vya chai, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari. Jioni naye huja jirani, birika likatengwa, vikombe viwili vingine. Jumla ni vijiko 12, yaani gramu 48 na kalori zaidi ya 190. Sukari aliyoifukuza mlangoni katika chupa imeingia kwa dirisha katika kikombe, tena ikiwa nyingi kuliko ile ya kwanza.

Tena husema moyoni: leo soda yangu haikuwa na sukari, basi hamri la pili halina neno. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120. Mahamri, sambusa, bajia na kaimati hunywa mafuta wakati wa kukaangwa, na muhogo na ndizi za futari huogelea katika tui. Kitafunwa kimoja au viwili vya ziada hutosha kuila faida yote aliyoipata kwa kubadilisha soda. Baada ya miezi miwili hupanda juu ya mizani akakuta kilo zile zile, akakata tamaa, akasema kuwa Mungu amemuumba hivyo. Hakukosa juhudi, alikosa kuonyeshwa mahali pa kuitia juhudi yake.

Na wako wanaoikimbia soda wakaikimbilia juisi ya miwa au ya maembe iliyotiwa sukari, wakidhani kuwa kitu cha asili hakinenepeshi. Juisi ya miwa ni sukari yenyewe kabla haijakaushwa. Tunda lililotafunwa ni bora kuliko tunda lililokamuliwa, kwani hushibisha kwa nyuzinyuzi zake.

Twajua pia uzito wa desturi. Kwetu sisi chai tamu ni heshima, na mgeni akiambiwa ajitilie sukari mwenyewe huenda akaona amepimiwa. Lakini desturi huweza kurekebishwa bila ya kuvunja heshima. Sukari isitiwe ndani ya birika. Itengwe katika bakuli lake, na kila mtu ajitilie kadiri yake. Kwa tendo hili moja, mgonjwa wa kisukari aliye mgeni atashukuru bila ya kuulizwa, na mwenye nyumba hatalazimika kueleza khabari za mwili wake mbele ya watu.

NENO KWA VIJANA

Ninyi vijana, na khasa mabinti, tuna neno kwenu. Wako wanaokula kidogo mno kwa kutamani umbo la pichani, wakalijaza tumbo soda isiyo na sukari ili njaa inyamaze. Hiyo si afya. Mwili unaokua wataka maharage, samaki, mboga, mayai na maziwa. Na soda hiyo haina hata kimoja katika hivyo. Kumdhulumu mwili kwa njaa ni kosa kama kumdhulumu kwa shibe. Na aliye mnene asichekwe wala asipewe jina la utani. Maneno ya dhihaka hayajamwondolea mtu hata gramu moja ya uzito, na huenda yakamfanya ale kwa siri.

TAHADHARI KUBWA KWA WENYE KISUKARI

Hapa twaomba kila nyumba isome kwa makini. Kwa mwenye kisukari, soda isiyo na sukari haipandishi sukari ya damu kama ile ya kawaida, kwa hiyo anaweza kuinywa kwa kiasi. Lakini iko saa moja ambayo soda hiyo haimfai kitu, nayo ni saa ambayo sukari yake imeshuka.

Mwenye kutumia insulini, au baadhi ya vidonge vya kisukari, akikosa chakula huweza kushukwa na sukari, na khasa katika mwezi wa Ramadhani. Dalili zake ni kutetemeka, kutoka jasho, moyo kwenda mbio, na kuchanganyikiwa. Sukari ya damu ikipimwa ikaonekana chini ya 3.9 (au 70 kwa kipimo cha miligramu), madaktari wanasema afungue saum mara moja, hata ikiwa zimesalia dakika chache kabla ya magharibi. Mwenyezi Mungu Amempa mgonjwa ruhusa katika Sura Al-Baqara, aya ya 184 na ya 185. Asiione aibu kuitumia.

Basi apewe sukari ya kweli: vijiko vinne vya sukari katika maji, au nusu gilasi ya soda ya kawaida. Baada ya dakika 15 apimwe tena, na kama haijapanda apewe mara ya pili. Soda isiyo na sukari wakati huo ni sawa na maji matupu, na dakika zinazopotea huweza kuwa ni roho ya mtu. Katika nyumba ambayo chupa zote za jokofuni ni za namna hiyo, kila mtu ajue mahali lilipo kopo la sukari. Na aliyezimia asitiwe kitu chochote mdomoni, akimbizwe hospitali.

LA KUFANYA

Kwa anayetaka kupungua, nasaha zetu ni hizi.

Kwanza, kama anakunywa soda ya sukari kila siku, na aiache. Akishindwa kuiacha kwa mara moja, isiyo na sukari na iwe daraja la kumvusha. Lakini daraja halijengewi nyumba. Baada ya muda avuke aende kwenye maji. Aliyekuwa hana mazoea ya soda asianze kunywa hii kwa kudhani itampunguza.

Pili, apunguze sukari ya chai nusu kijiko kila juma. Ulimi huzoea, na baada ya miezi miwili chai ya zamani ataiona kuwa ni sharubati. Haba na haba hujaza kibaba. Na kwa haba na haba kibaba huweza kumwagwa pia.

Tatu, wakati wa kufuturu afuate mwendo wa Mtume (s.a.w.): tende chache na maji, kisha asali magharibi, kisha ndipo arudi kwenye chakula. Muda ule mfupi huipoza pupa ya njaa.

Nne, vya kukaanga viwe vya siku maalum, si vya kila siku; na sahani ianze na mboga na maharage kabla ya wali.

Tano, aende msikitini na sokoni kwa miguu kadiri awezavyo, na mizani aipande mara moja kwa juma, si kila saa. Na mwenye maradhi au mjamzito asibadilishe chakula chake bila ya shauri la daktari.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hakuna chupa itakayoinama badala yetu. Twamwomba Mwenyezi Mungu Atupe kinaa katika riziki Yake na nguvu juu ya nafsi zetu. Awaponye wagonjwa wetu, na Atujaalie miili itakayoweza kurukuu na kusujudu mpaka tutakapokutana Naye. Amin.

Wabillahi tawfiq.